Winchi ya mkono ya Tirfor kwenye tope la mbuga: kuvuta inavuta, shida ni pa kuishikizia

Anayekwenda kuwinda kwa kibali upande wa Maswa, au anayekata njia za mifugo kati ya Magu, Lamadi na Ghuba ya Speke mvua za vuli zikishaanza, afungashe mizigo akijua gari litakwama. Tunachopima hapa ni kifaa kimoja hasa, winchi ya mkono ya Tirfor yenye uwezo wa kilo 1,600, pamoja na vile ambavyo watu hununua badala yake au sambamba nayo: jeki ndefu ya Hi-Lift, mbao za plastiki za Maxtrax, kamba ya kunyumbuka na winchi ya umeme ya kwenye bampa. Tirfor inunuliwe kwanza, jeki ndefu ifuate, na winchi ya umeme ije mwisho ingawa ndiyo inayopendeza macho kuliko zote. Ila Tirfor ikinunuliwa peke yake, bila kitu cha kuishikizia ardhini, ni karibu kilo 30 za chuma zinazopelekwa matembezi porini na kurudishwa Mwanza.

Sababu iko kwenye udongo. Wasukuma waliugawa zamani: juu kwenye vilima vya mawe kuna luseni, mchanga ambao gari hupita hata mvua ikinyesha, chini yake itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, bondeni kabisa mbuga, mfinyanzi mweusi. Kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na Land Cruiser hupita juu yake kama kwenye sakafu. Ikinyesha, mfinyanzi hunywa maji na kuvimba, nyufa zinajifunga, maji yanabaki juu. Tope lake halimwagiki kama la kawaida. Linajaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi lote linakuwa duara laini lisilo na jino, kisha linapanda kwenye madigadi na kusongamana humo hadi usukani haugeuki. Gari likilala tumbo, tope linaziba chini ya chesisi, hewa haipenyi, na gari linanyonywa. Hapo huvuti uzito wa gari pekee. Unavuta na ule mnyonyo.

Vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya pori la watu wengine. Maxtrax ni za Australia, na mchanga ndio uliozipa sifa. Wawindaji wa Kanada na Alaska wana kinamasi wanachokiita muskeg, ambacho si udongo hata kidogo: ni mabaki ya mimea midogo ya kinamasini yaliyolowa, yaliyorundikana kwa karne nyingi kwa sababu baridi na maji yenye asidi haviruhusu majani kuoza. Juu kuna zulia la mimea linaloelea. Gari likilichana zulia, chini hakuna kitu, ndiyo maana wenzetu wale hawapiti pale alipopita mwenzao, husubiri majira ya baridi kinamasi kigande, au hutumia mashine za minyororo zinazosambaza uzito. Ukisoma ushauri wao mtandaoni, kumbuka mbuga ni kinyume chake kwa mengi. Hapa chini kuna kitu, tena mara nyingine kigumu, na alama za gari lililotangulia zinaweza kuwa ndiyo njia salama. Panapofanana ni kwenye mafunjo, kwa mfano mdomoni mwa mto Simiyu na kwenye bwawa la mto Mara, ambako mizizi huelea juu ya maji. Huko usipeleke gari la aina yoyote.

Kabla ya kuingia, chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja, isukume ardhini kwa uzito wa mwili. Ikigota sentimita 25 au 30, tairi nyembamba za 7.50R16 zenye upepo karibu na wa kawaida zitakata tope na kukanyaga ugumu wa chini. Ikizama sentimita 60 bila kugota, zunguka. Kama hakuna pa kuzungukia, teremsha upepo hadi PSI 18. Chini ya 15 usishuke kwenye tairi za tyubu, maana tairi hujizungusha juu ya ringi, tyubu inabaki nyuma, na vali inakatika shingoni. Kubadilisha tyubu ndani ya tope la mbuga ni adhabu ambayo hata adui humwombei.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kanuni ya waokoaji wa magari ya jeshi ni kwamba gari lililozama kiasi cha magurudumu linahitaji nguvu sawa na uzito wake. Likizama hadi madigadi, mara mbili. Likizama zaidi ya hapo, mara tatu. Land Cruiser mkonga yenye watu, maji, mafuta na mizigo ya kambi hufika tani 3. Kwa hiyo mkwamo mdogo ni tani 3, na mkwamo wa kulala tumbo ni tani 6. Tirfor ya kilo 1,600 inazidi kidogo tu nusu ya mkwamo mdogo kwa mvuto wa kebo moja kwa moja. Anayeiona kwenye rafu ataona imepunjwa, anaikimbilia ya umeme ya kilo 4,300.

Asikimbie. Kilo 4,300 za winchi ya umeme hupatikana kebo ikiwa imebaki tabaka la mwisho kabisa kwenye roda, ile silinda inayozungushiwa kebo. Kebo ikiwa imejaa, yaani nanga iko karibu, nguvu inapungua kwa theluthi au zaidi. Ikivuta mzigo kamili hula ampea 400 hivi, na alteneta ya gari haifikii nusu ya hizo. Betri ndiyo inayolipa tofauti, na injini ikizima kwa sababu maji yameingia, winchi imekufa pamoja nayo. Kibaya kuliko vyote ni mahali ilipofungwa. Iko mbele. Gari lililokwama mbugani karibu kila mara linatakiwa litoke lilikoingilia, kinyumenyume, kwenye mifereji yake lenyewe ambako chini pamekwisha kukanyagwa. Winchi ya mbele inalivuta lizidi kuingia. Kwa msafara wa magari mawili au matatu ina kazi yake, kwa kuwa gari lililo pakavu linamvuta mwenzake. Gari likiwa peke yake, ni pambo.

Tirfor haina mbele wala nyuma. Kebo haizungushwi kwenye roda. Inapita katikati ya mashine, na jozi mbili za taya zinaishika kwa zamu, moja ikivuta nyingine ikishikilia, mfano wa mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani mkono baada ya mkono. Kwa sababu hiyo nguvu yake ni ileile kebo ikiwa mita moja au 20, na mzigo hauachiliwi hata ukiuacha mkono wa kuvutia ukanywa maji. Kuna mkono wa kwenda mbele, mkono wa kurudisha taratibu, na kishikio cha kufungulia taya, ambacho kinaguswa kebo ikiwa haina mzigo tu. Mashine ya TU-16, ndiyo hiyo ya uwezo wa kilo 1,600, yenyewe ina uzito wa kilo 18 hivi, kebo ya mita 20 inaongeza kama kilo 10. Kila mzunguko kamili wa mkono unavuta kebo sentimita 5 hadi 6. Kulitoa gari mita 6 ni kuvuta mkono zaidi ya mara 100, na ukiongeza kapi moja ni zaidi ya 200. Polepole, ndiyo, lakini upole huo ni faida: mfinyanzi unaonyonya huachia kidogokidogo, na gari linavutwa bila kukata sehemu ya kufungia.

Kapi ndiyo inayofanya kilo 1,600 zitoshe. Funga kapi kwenye gari, mashine kwenye nanga, kebo iende hadi kapi na kurudi kwenye nanga: gari linavutwa kwa kilo 3,200, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye msuguano. Hapa kuna ujanja ambao maelekezo ya dukani hayausemi waziwazi. Ncha ya kebo inayorudi si lazima ifungwe kwenye nanga ileile iliyoshika mashine. Ifunge kwenye nanga ya pili, mita mbili tatu pembeni, na kila nanga itabeba kilo 1,600 tu ingawa gari linavutwa kwa mara mbili yake. Mbugani, ambako nanga ndiyo dhaifu kuliko vyote, hilo ndilo linaloamua gari litoke au lilale. Hasara yake ni urefu: mita 20 zikikunjwa kwenye kapi zinabaki pungufu ya 10, na mita 10 nyuma ya gari mara nyingi bado ni tope lilelile. Nunua na mkanda wa polista au kebo ya ziada ya mita 20.

Tuje kwenye nanga zenyewe, na hapa tutakaa kidogo.

Mti ndio wa kwanza kutafutwa, na mbugani ndio usiopatikana. Kinachoota kwenye mfinyanzi mweusi ni migunga mifupi yenye vinundu na sisimizi, unene wa mkono, inayong'oka ukiitazama vibaya. Kukata miti ndani ya pori la akiba ili upate gogo ni kosa jingine juu ya kukwama. Karibu na vilima kuna mawe ya Mwanza, na jiwe la ukubwa wa chumba halina mshindani: lizungushie mkanda wa polista wenye upana wa sentimita 7 au zaidi, weka magunia kwenye kona kali, vuta. Usizungushie kebo yenyewe, granaiti inaila.

Nanga ya mambo, yaani vigingi, inafuata. Pigilia vyuma vya mita moja na nusu, viingie ardhini mita moja, vimelala kidogo upande wa mbali na gari. Vitatu mbele, viwili nyuma yake, kimoja mwisho, na kila safu ifungwe kutoka kichwani mwa safu ya mbele kwenda mguuni mwa safu ya nyuma, kamba ikazwe kwa kijiti. Kwenye udongo wa tifutifu mpangilio huu unashika kilo 1,800. Kwenye mfinyanzi uliolowa kata nusu: kilo 900. Umeona tatizo. Tirfor inavuta 1,600, mambo yanashika 900, kwa hiyo winchi itaivuta nanga kuja kwenye gari badala ya gari kwenda kwenye nanga. Mambo yanafaa pakipatikana itogolo au luseni ndani ya urefu wa kebo, na huko yanafaa sana, ingawa kuyapigilia kwenye itogolo kunataka nyundo ya kilo 6 na mabega mawili ya kupokezana.

Inayobaki ni kuzika, na spea tairi ndiyo ya kuzikwa. Chimba shimo la mita moja kwenda chini, refu kiasi cha tairi kusimama, ukuta wa upande wa gari uachwe wima bila kuguswa, kwa sababu ukuta huo ndio utakaobeba. Kutoka katikati ya ukuta huo chimba kijifereji chembamba chenye mteremko kinachotokeza juu ya ardhi kuelekea gari. Bila kijifereji, kebo itavuta kwenda juu na kulichomoa tairi. Pitisha mtaimbo nyuma ya ringi, funga mkanda kwenye mtaimbo kupitia tundu la ringi, simamisha tairi likiegemea ukuta, fukia, shindilia kwa miguu kila sentimita 20. Watu wawili watamaliza kama saa moja. Chepe linanata, basi weka ndoo ya maji pembeni ulichovye kila baada ya kutupa tope. Ukavu wa chepe ndio unaochosha kuliko uzito. Shimo likianza kujaa maji kabla ya nusu mita, hapo pameshindikana, sogea. Wanaokwenda mara kwa mara hubeba kipande cha bomba la chuma la inchi 4, mita moja na robo, kinachozikwa badala ya spea, ili spea ibaki kuwa spea.

Nanga ikishakaa, usivute bado. Mnyonyo uvunjwe kwanza, na hii ndiyo kazi ya chepe, mtaimbo na jeki ndefu. Toa tope mbele na nyuma ya kila tairi kwa mteremko wa taratibu, upande litakakotokea. Safisha chini ya difu na chini ya chesisi mpaka uone mwanga upande wa pili. Ukishindwa kufika, pitisha mtaimbo toka ubavuni mpaka hewa iingie, utausikia ukifyonza. Zibua bomba la moshi. Kwangua tope ndani ya madigadi yote manne, na magurudumu yanyooke. Kazi hii ikifanywa vizuri, mkwamo wa tani 6 unashuka kuwa wa tani 3, ndani ya uwezo wa Tirfor na kapi moja. Asiyechimba anataka winchi kubwa, anayechimba hahitaji.

Hi-Lift ya inchi 48 ina kilo 13 hivi na imekadiriwa kubeba kilo 2,100. Kwa mbuga ina kasoro moja inayoifanya isiwe na maana ukiitumia kama ilivyotoka kiwandani: mguu wake ni mdogo kama kitabu, sentimita za mraba 180 hivi. Ukiinua tani moja na nusu, kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 8, na tope halibebi hata kilo moja. Jeki inazama, gari linabaki palepale. Ichongee mguu wa ubao wa mninga wa sentimita 60 kwa 60, unene wa 5, wenye bati la chuma katikati na vipande vinne vya kona ili mguu wa jeki usiteleze. Fundi yeyote wa kuchomelea eneo la SIDO Nyakato anaweza kuutengeneza. Sasa ni kilo 0.4 kwa sentimita ya mraba, na inainuka.

Usiinue bampa ukitegemea tairi litafuata. Springi zinajinyoosha, bampa linapanda nusu mita na tairi bado limo. Tafuta kile kiungo cha mkanda wenye ndoano mbili zinazoingia kwenye matundu ya ringi, uinue gurudumu lenyewe. Likipanda, jaza shimo: mawe, mabua, mafungu ya matete yaliyolazwa kukingama njia, mabanzi. Magugu maji ya ziwani usihangaike nayo, karibu yote ni maji. Unayakanyaga yanakuwa supu. Mkono wa jeki usiwe mbele ya kidevu chako hata mara moja, na ukiuacha uachwe umesimama, umebanwa. Pini mbili za kupandia zikijaa tope zinagoma kuruka, na kosa hilo hutokea gari likiwa limeninginia. Zimwagie dizeli, zigonge taratibu, zitarudi.

Maxtrax ni nzuri, ila si kwa kile zinachosifiwa. Ni vipande viwili vya mita 1.15 hivi, vyepesi, vyenye meno ya kung'ata tairi. Mchangani unazichomeka mbele ya magurudumu, unakanyaga, unatoka. Mbugani tope linajaza meno kabla tairi halijafika, tairi linateleza juu yake, na likizunguka kwa kasi sekunde chache joto linayeyusha meno yenyewe. Zitumie kama sakafu: gurudumu likiwa limeinuliwa na jeki, ubao uliooshwa unawekwa chini yake, tairi nalo limekwanguliwa, halafu winchi ndiyo inayovuta huku dereva akizungusha magurudumu taratibu kwa gia ndogo, bila resi. Zifunge kamba ya rangi kali ya mita tatu kila moja. Gari likipita juu, ubao unazikwa nusu mita chini, na bila kamba utauacha uwe urithi wa wafugaji. Ukizipima na mabanzi mawili ya mbao kutoka kiwanda cha kupasua, mabanzi hayajaachwa mbali.

Kamba ya kunyumbuka, ile ya nailoni ya mita 9 inayovutika kwa asilimia 20 na zaidi, iachwe nyumbani kwa safari hizi. Inafanya kazi kwa mshituko, na gari lililonyonywa halikubali mshituko. Nguvu yote inaishia kwenye ndoano, na ndoano ikichomoka inaruka kama risasi. Mpira wa chuma wa kuvutia tela usiutumie kamwe kama sehemu ya kufungia.

Huduma ambayo hakuna duka linaiuza ni maksai. Vijiji vya Magu na Busega havikosi jozi ya kulimia. Ng'ombe wa kilo 300 huvuta kwa kudumu kama asilimia 10 hadi 14 ya uzito wake, kwa hiyo jozi moja ni kilo 60 hadi 80 tu, ingawa kwa mvuto mmoja wa ghafla huenda mbali zaidi. Jozi tatu hazitoi gari lililolala tumbo. Zinatoa vizuri sana gari lililokwisha kuinuliwa na kuwekwa juu ya mabanzi, ambalo linahitaji kusukumwa mita 15 za mwisho hadi luseni, ambako Tirfor ingekula saa mbili. Tumia mkanda wako badala ya mnyororo wa plau. Ukimwendea mwenyewe, salamu ya Kisukuma asubuhi ni mwangaluka na mchana ni mwadila, honi iache garini. Na bei ipatanwe kabla ng'ombe hawajafungwa nira, kwa sababu ina tabia ya kupanda kadiri gari linavyozama.

Trekta la magurudumu nalo linasaidia likikaa pakavu, kwa kebo ya mita 30. Likiingia mbugani kuja kukusaidia, mnakuwa wawili. Lifungwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia tela, kamwe si kwenye kiungo cha juu cha plau. Likivuta kutoka juu, pua inanyanyuka na trekta linampindukia dereva.

Jambo la usalama la winchi ni fupi. Lalisha koti zito au gunia lililolowa katikati ya kebo, watu wote, isipokuwa anayevuta mkono wa winchi, wakae nje ya pembe ya kebo kwa umbali unaozidi urefu wake, glavu za ngozi mikononi. Na karibu na Mbalageti au Grumeti jua likianza kuzama, acheni kazi. Viboko hutoka kula usiku na huwa na njia zao. Gari likikaa katikati ya njia hiyo, mwenye kuchimba chini yake ndiye anayekutwa. Ukiweza kulala garini ulale. Januari na Februari, mvua ikikatika, jua la siku mbili linaweza kukupa gamba la juu linalobeba mguu wa jeki, na nusu ya kazi iliyoelezwa hapo juu inapungua bila kutoka jasho.

Kuhusu kununua. Kebo ya Tirfor si kebo ya kuokoteza. TU-16 inataka kebo yake ya milimita 11.3, ya chuma hadi kiini, yenye ncha iliyochongwa na kuchomelewa ili ipite kwenye taya. Kebo ya milimita 12 yenye kiini cha katani, ile inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, inapondwa na taya, inakuwa bapa, kisha inateleza mzigo ukiwa umepanda. Mashine za kuiga zipo nyingi na baadhi zinavuta vizuri zikiwa mpya. Kagua taya zake kwa tochi, ukiona meno yamelika upande mmoja au mkono unacheza zaidi ya kidole bila kusogeza kebo, iache. Ile ndogo ya ratcheti, yenye roda na kebo ya mita mbili au tatu, si mbadala. Ni ya kukaza waya wa uzio.

Na matunzo. Mfinyanzi ukikaukia ndani ya taya unakuwa tofali. Siku hiyohiyo, kabla haujakauka, izamishe mashine kwenye ndoo ya dizeli au mafuta ya taa, ipige mkono mbele na nyuma bila kebo mpaka mafuta yatoke safi, iachwe ichuruzike, kisha mimina oili ya gia ya namba 90 kupitia matundu ya juu kwa wingi. Tirfor inataka kulowa oili, na haitelezi kwa sababu ya oili kama watu wanavyodhani. Isiyotakiwa ni oili yenye molibdenamu au grafiti, hizo ndizo zinazofanya taya ziteleze. Kebo ioshwe, ikaushwe juani, ipakwe oili, izungushwe kwenye duara pana. Mkunjo mmoja mkali unaifanya isipite tena.

Pini za usalama za mkono wa mbele zimewekwa zikatike mzigo ukizidi, na kwenye mbuga zitakatika. Za akiba hukaa ndani ya mashine yenyewe. Zihesabu dukani kabla ya kulipa, nunua na nyingine, na muuzaji akikuambia msumari unatosha, mrudishie winchi yake.